Shemeji Niliyemkuta Mpiji

Kabla sijaanza nakuomba jambo moja: usinicheke mpaka nimalize. Ukishasikia mwisho wake, kama bado una hamu ya kucheka, cheka. Haya niliyaona mimi kwa macho haya mawili, mchana kweupe, sina homa, sijaonja tembo wala bangi. Nimewasimulia watu wengi na kila mmoja ananifasiria kivyake, mpaka nimechoka na fasiri zao. Mimi mwenyewe sina fasiri. Nina kisa tu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya uhuru. Nilikuwa dereva wa lori katika shamba moja la mkonge, na udereva wa siku zile haukuwa kushika usukani na kupiga honi kama vijana wa leo. Gari likikufia porini unalifufua mwenyewe au unalala nalo. Kwa hiyo injini nilikuwa nazijua, na kiburi nilikuwa nacho, sifichi.

Mdogo wangu Tatu alikuwa ameolewa Bagamoyo na fundi cherehani mmoja, jina lake Selemani. Huyu shemeji yangu ni mtu mwema, mcheshi, na mkono wake kwenye kanzu hauna mfano. Lakini habari za magari alikuwa hajui kama yanakunywa maji au uji. Wakati ule Tatu alikuwa mjamzito. Alikwisha zika watoto wawili, wote wamekufa siku ile ile ya kuzaliwa, na huyu alikuwa wa tatu. Daktari pale Bagamoyo alimpapasa tumbo, akatuambia bila kuzunguka: mtoto amelala kwa upana, mama huyu uchungu usimkute hapa, mpelekeni hospitali kubwa Dar es Salaam mapema, akae huko angoje siku zake.

Kusema ni rahisi. Mvua za masika zilikuwa zimeikata barabara, basi haliendi, na malori machache yaliyothubutu kupita yalikuwa yanarusha watu kama mchele kwenye ungo. Ungempandisha humo mwenye mimba ya miezi minane? Ndipo mimi na Selemani tukachanga, tukanunua gari dogo la Mgoa mmoja, karani aliyekuwa anastaafu na kurejea kwao. Gari la rangi ya chai ya maziwa, viti vya ngozi, safi kabisa. Mgoa akaniapia kwamba halijamsumbua hata siku moja. Na sidhani kama alisema uongo, maana yeye alikuwa akienda nalo kazini na kurudi tu, mtaa wa pili, polepole kama anayesindikiza jeneza.

Mvua zilipopungua nikaanza kulijaribu. Nikamwambia Tatu, "Humu sikupandishi mpaka liende Mpiji na kurudi bila kunitia aibu." Mpiji ni ule mto unaouvuka ukishapita Mapinga, kama nusu ya njia hivi. Basi siku ya kwanza halikufika hata Mapinga. Likachemka, mvuke umejaa mbele kama jikoni kwenye harusi. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu vile vile.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu wapo wanaosema kwamba ugonjwa wa gari ulikuwa wazi, mimi ndiye sikuuona. Feni ilikuwa inazunguka, mkanda wake umekaza. Rejeta niliifungua nikaimwagia maji juu, yakatoka chini yote bila kuzuiwa na kitu. Haivuji hata tone. Oili niliichovya, safi, haina umaziwamaziwa, maana yake hakuna maji yanayopenya ndani. Themostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia injini ikishapata moto, niling'oa nikatupa kabisa. Nikiliwasha nyumbani linanguruma nusu saa nzima, limetulia kama paka. Nikiingia barabarani, nikilikazia mwendo kidogo, linachemka. Nikisimama nikafunua boneti, kila kitu kizima! Gari gani hilo linaloumwa ukiwa juu yake na kupona ukishuka?

"Shemeji," Selemani akanitania, "labda nalo lina mimba."

Nilicheka, lakini moyoni sikucheka. Siku za Tatu zilikuwa zinakwisha.

Siku ya nne ilikuwa Jumanne. Nikatoka asubuhi mwendo wa kinyonga, nikafika mpaka karibu na mteremko wa kushukia Mpiji, nikasema alhamdulillahi, ngoja nilikanyage kidogo. Nikalikanyaga. Likachemka pale pale. Ilikuwa saa sita na kitu, jua la utosi, barabara haina hata mbwa. Wazee wetu hawapendi mtu kutembea saa ile, na mimi nilikuwa nawacheka. Nikafunua boneti, nikakaa chini kwenye kivuli cha gari, nikajiinamia. Nilikuwa karibu kulia, mtu mzima mimi.

"Wewe unalitazama likiwa limelala," sauti ikasema juu yangu.

Nikainua kichwa. Selemani! Shemeji yangu Selemani, na fulana yake nyeupe na msuli wake, na ile futi yake ya kupimia nguo imening'inia shingoni kama kawaida.

"Umefikaje huku?"

"Nimetokea huko," akasema, akaelekeza kidevu porini.

Nami nikaridhika! Wallahi nikaridhika. Nimejiuliza miaka yote: kutoka Bagamoyo hadi pale mtu angetembea tangu usiku wa manane, na mimi asubuhi nilimwacha kwake anakunywa chai. Lakini mtu ukiwa na shida, ukamwona ndugu yako, unamhoji alikopita? Mimi nilifurahi tu. Wala sikuona ajabu kwamba hakunisalimia, Selemani yule ambaye akianza salamu chakula kinapoa.

Tukangoja injini ipoe kidogo, tukaongeza maji. Akaniambia niwashe. Kisha akaniita pale mbele.

"Vuta mafuta kwa mkono, hapa hapa. Vuta sana. Sasa tazama chini."

Nikavuta, injini ikalia. Nikatazama chini, kwenye ule mpira mnene unaoyatoa maji chini ya rejeta na kuyarudisha kwenye injini. Mpira ulikuwa unabonyea. Injini ikilia sana, unanyonywa ndani mpaka unakuwa bapa, kama mashavu ya mtoto anayenyonya embe. Nikiachia mafuta, mpira unarudi mviringo, mzima, hauna kosa. Subhanallah! Ulikuwa umeoza ndani, nje unang'aa. Kila nikienda mbio unajifunga wenyewe maji yasipite, na kila nikisimama kuutazama umeshafunguka. Siku nne nimeushika kwa mikono yangu nikausifu.

Nikazima. Kabla sijatafuta kitambaa cha kushikia, yeye alikwisha inama, akalegeza, akauchomoa ule mpira kwa mikono mitupu. Maji yaliyotoka mle yalikuwa ya kupikia ugali, niamini, yalimwagika kwenye vidole vyake na juu ya miguu yake, naye hata hakushtuka. Niliona. Sikufikiri. Akatoa kiunoni kipande cha waya mnene, akauzungusha kwenye kidole gumba, raundi kwa raundi, polepole, vile vile anavyozungushaga uzi akimaliza kushona. Ulipokuwa umejikunja wote kama springi akausukuma ndani ya mpira ili uushikilie usibonyee tena. Tukafunga, tukajaza maji. Nikavuta mafuta, nikatazama. Mpira umesimama imara.

"Shemeji, kumbe ulikuwa unanificha!" nikamwambia. "Ufundi huu umejifunza wapi?"

Alisema, "Mpeleke dada yako leo."

"Leo? Hata mzigo hatujafunga."

"Leo, jua halijazama. Asilale Bagamoyo."

"Basi panda twende, ukamwambie mwenyewe mkeo."

"Nina kazi upande huu," akasema, akaanza kuteremka kuelekea mtoni. Nikageuza gari nikaondoka. Sikutazama nyuma, kwa nini nitazame? Nilikuwa naimba.

Nililikanyaga kutoka pale mpaka Bagamoyo na halikutoa hata pumzi ya mvuke. Nikafika kama saa nane na nusu. Nikasimamisha mbele ya nyumba, na pale barazani, nyuma ya cherehani yake, amekaa Selemani. Pembeni wateja wawili wanangoja kanzu. Mama yake, Bi Mwanaidi, yuko kwenye mkeka anachambua mchele.

Nikadhani mzaha. "Shikamoo mama," nikamwamkia Bi Mwanaidi, kisha nikamgeukia Selemani, "Ehe, wewe umenitangulia kwa mbawa?"

"Asalaam aleikum, shemeji, habari za tangu asubuhi, habari za njiani, gari je?" akasema. Kwa kirefu, kama kawaida yake. Nikakumbuka kwamba yule wa Mpiji hakunisalimia.

Na hapa ndipo nilipokosea. Ningekaa kimya! Ningesema gari limepona, twendeni. Lakini mdomo wangu ulikuwa wazi, nikayamwaga yote pale pale, mbele ya mama, mbele ya wateja. Selemani akageuka rangi. Akaapa kwamba hajainuka pale ila kwenda msikitini kuswali adhuhuri, na wateja wakashuhudia, mmoja wao aliswali ubavuni kwake. Nikamtazama vidole. Havina hata doa.

"Mwanangu," Bi Mwanaidi akasema, na ungo umekwisha mtoka mkononi, "huyo si mtu. Na gari lililoshikwa na asiye mtu halimbebi mja mzito. Mwiteni Maalim."

Maalim akaja. Alikuwa mtu mstaarabu, simlaumu. Akanihoji: kivuli alikuwa nacho? Sijui. Miguu uliitazama, ilikuwa ya mtu au ya mnyama? Sikuitazama, nilikuwa natazama mpira. Hapo mteja mmoja akacheka, akanyamazishwa. Maalim akataka auone huo waya. Nikaufungua mpira, maji yakamwagika uani, nikautoa. Ulikuwepo! Wote waliuona, kwa hiyo usije ukaniambia nilipigwa na jua nikaota. Mimi waya kama ule sikuwa nao garini, na mikono yangu haikuwa imeungua.

Maalim akaamua hivi: waya uwekwe kwenye sinia, ufukizwe ubani na kusomewa siku tatu. Ijumaa baada ya swala tuchinje kuku mweupe, tutoe sadaka, ndipo urudishwe na gari lisafiri. Mpaka hapo lisiguswe. Ndivyo tulivyokuwa sisi. Kitu kigeni kikiingia nyumbani kinasomewa kwanza, iwe cherehani, iwe kitanda, seuze gari lililotengenezwa na shetani.

"Siku tatu si nyingi," akasema. Kweli, si nyingi.

Tatu akaniita chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, anajipepea.

"Kaka, limepona?"

"Limepona."

"Umelijaribu?"

"Limetoka Mpiji mpaka hapa, halikuchemka."

"Basi twende. Kanga zangu nimeshaziweka kwenye kikapu."

"Tatu, mdogo wangu, hujui aliyelitengeneza."

"Mimi nataka kufika tu, kaka."

Nikamwambia tungoje kisomo. Akanitazama, kisha akageukia ukutani.

Niliogopa. Nakuambia ukweli mtupu, niliogopa. Nilijiambia: kwa nini alisema leo? Kwa nini jua halijazama? Kiumbe anayevaa sura ya shemeji yako, anajuaje habari ya dada yako, na ana haraka gani naye? Mtego hutegwa kwa kile unachokipenda. Nikamwona yuko pale Mpiji anatungoja, mimi namletea Tatu kwa mkono wangu. Nikisema tukae, naona daktari ananinyooshea kidole. Nikisema twende, naona yule. Selemani naye akawa anakwepa macho yangu kama mtu aliyesingiziwa wizi. Jumatano nzima tulishinda hivyo, gari limefunuliwa boneti uani, waya kwenye sinia, ubani unafuka nyumba nzima, Maalim anasoma.

Alfajiri ya Alhamisi, kabla ya adhana, Tatu akapiga ukelele.

Sikumwuliza mtu. Nilichukua ule waya kwenye sinia katikati ya majivu, nikakimbilia uani. Selemani akanishikia kandili. Mpira nikaufunga mara mbili maana mara ya kwanza niliufunga upande. Maji yamekwisha mtungini, Bi Mwanaidi akakimbia kwa jirani na ndoo, bibi wa watu, kichwa wazi. Kila dakika ile naikumbuka. Nilipoinua macho na kuuona ule uso karibu yangu kwenye taa, nilishtuka nikadondosha bisibisi. Shemeji yangu mwenyewe! Naye aliona nilivyoshtuka.

Tukampakia nyuma, kichwa mapajani kwa mumewe. Gari likaruka. Lilikwenda vizuri, ee Mungu wangu, lilikwenda vizuri mno. Halikuchemka Mapinga, halikuchemka mteremkoni. Pale Mpiji jua lilikuwa limechomoza, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna mtu. Tatu alikuwa amelia njia nzima, na tulipovuka mto akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikoniumiza zaidi.

Hospitali walimwokoa Tatu. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakufa. Na walitwambia kwamba hatazaa tena.

Nesi mmoja, mama mtu mzima, akatukuta kwenye benchi. Hakuwa mkali. Alikuwa anaandika tu, na kalamu imesimama juu ya karatasi akauliza, "Mbona mmemleta amechelewa hivi? Mlikosa gari?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Tulikosa gari."

Selemani alikuwa kando yangu. Alinisikia.

Sasa wewe niambie, maana mimi nimeshindwa. Alikuwa jini mwema? Mbona hakusema mimi ni fulani, asinivalie uso wa mtu? Alikuwa mbaya? Mbona gari lilipona, na neno lake lilikuwa sawasawa na la daktari? Maalim, Mungu amrehemu, alisema mpaka siku anakufa kwamba Jumanne ile tungevuka Mpiji tungekwisha wote watatu. Huenda. Nitajuaje? Nimezeeka nikiwa njia panda ile ile.

Selemani na mimi ni ndugu mpaka leo, lakini akinitokea ghafla bado natetemeka. Analijua hilo, maskini. Hunitolea salamu kwa mbali, tangu kona ya msikiti, kabla sijauona uso wake.

Tatu hajanilaumu. Amelea watoto wa watu, wengi, na wote wanamwita mama. Mara moja tu, tukiwa wawili tunakula, aliniuliza, "Kaka, yule alikuwa na sura ya mume wangu kweli?"

"Kweli kabisa."

"Na alisema nipelekwe?"

"Alisema."

"Basi mimi ningekwenda," akasema, akaendelea kula.

Kwa hiyo sikuambii uwaamini unaowakuta barabarani saa ya jua la utosi. Wala sikuambii uwakimbie, mimi nani nijue? Nakuambia hili tu, nawe ulishike: gari likiwa zima, na mgonjwa anakuambia twende, mpandishe. Kuuliza ni nani aliyelitengeneza, utauliza ukirudi. Mimi niliuliza kwanza, na mtoto wa Tatu tumemzika Dar es Salaam, hatukuwahi hata kumpa jina.